Ukungu wa Mahindi na Amana ya Chakula



Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na Vanga msomao kurasa hizi, hapana shaka wengi wenu mmekula sima leo, au mtaila kesho. Na ni wachache miongoni mwetu waulizao yale mahindi yametoka wapi, yalivunwa jua likiwaka au mvua ikinyesha, na yalilala siku ngapi sakafuni kabla ya kutiwa guniani. Somo letu ni juu ya swali hilo. Mwandishi yuko Machakos, katika nchi ya Wakamba, na mambo atakayoyaeleza yalitokea katika sehemu hii na zile zilizo jirani yake. Lakini mahindi hayana mpaka. Hupanda lori jioni, na asubuhi yako sokoni Mombasa.

Mwaka 1981 watu wa Machakos waliingiliwa na maradhi ambayo hawakuyajua. Mtu huanza kwa kukosa raha ya tumbo na kutapika, kisha macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi, tumbo likajaa na miguu ikavimba. Waliolazwa hospitalini walikuwa 20, na katika hao walikufa 12. Hata kabla ya watu, njiwa na mbwa walikuwa wamekwisha kuonekana wakifa mijini mwao. Ilikuwa ni baada ya ukame mrefu uliofuatwa na mvua. Madaktari walipoyapima mahindi yaliyotoka katika nyumba za wagonjwa, waliona ndani yake sumu iitwayo aflatoxini, kiasi cha sehemu 3,200 mpaka 12,000 katika kila sehemu milioni elfu.

Msomaji ataona hesabu hii ni ndogo mno: ni nini sehemu elfu kumi na mbili katika milioni elfu? Basi na ajue kwamba kiasi cha juu kilichoruhusiwa Kenya kwa miaka mingi kilikuwa ni sehemu 20 tu, na siku hizi ni 10. Gunia la kilo 90 lenye kiasi hicho cha 20, sumu yake yote ukiikusanya haitimii hata miligramu 2, nayo ni kitu kidogo kuliko punje moja ya mchele. Mahindi yale ya Machakos yalizidi mpaka ule mara 600.

Sumu hii haikutiwa na adui wala haikunyunyizwa na mkulima. Hutokana na ukungu, yaani kuvu, wa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, ambao wataalamu huuita Aspergillus flavus. Ukungu huu maskani yake ni udongo. Wataalamu walianza kuijua sumu yake mwaka 1960, pale Uingereza, walipokufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa muda mfupi, na watu wakatafuta sababu wasiione, hata ikabainika kwamba walilishwa mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil nayo yameota kuvu. Mwaka 1974, magharibi ya Bara Hindi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yaliyonyeshewa, na mbwa wa mijini mwao walikufa pamoja nao. Kwa hivyo jambo la Machakos lilikuwa na ndugu zake ulimwenguni, ila huku kwetu habari zilikuwa hazijafika majumbani.

Wala baada ya 1981 hazikufika sana. Ndipo mwaka 2004 ukaja msiba mkubwa zaidi. Kuanzia Januari mpaka Julai ya mwaka huo waliougua walihesabiwa 317, na waliokufa 125. Maana yake katika kila watu watano walioshikwa, wawili walikufa. Wengi walikuwa wa Makueni, ambayo mpaka mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na wa Kitui. Wengine walikuwa wa Machakos yenyewe na wa Thika. Mahindi yaliyochukuliwa katika masoko ya nchi hiyo yalipopimwa, zaidi ya nusu yake yalikutwa yamepita ule mpaka wa 20, na mengine yalipita 1,000. Na hiki ndicho kinachotuhusu sisi wa miji: sumu haikubaki katika kibanda cha mkulima aliyevuna vibaya, bali ilikuwa imekwisha kuingia sokoni, ikiuzwa kwa kibaba na kwa gunia kwa kila mwenye pesa. Mwaka 2005 watu walikufa tena, na 2006 pia. Mwaka 2016 zamu ikawafikia ndugu zetu wa Tanganyika ya kati, mikoa ya Dodoma na Manyara, wakaugua watu 68 na wakafa 20.

Sasa na tuulize: Ukamba ni nchi ya zamani na ukungu ni wa zamani kuliko Ukamba. Kwa nini mauti haya yamekuja katika zama zetu?

Jawabu la kwanza ni mpangilio wa jua na mvua. Mhindi unapotoa nywele na kutia punje, ukikosa maji na joto likazidi, hudhoofika, na gamba la punje hupasuka. Wadudu nao hulitoboa. Hapo ukungu ulioko udongoni hupeperushwa na upepo ukaingia. Kwa hivyo ukame, ambao watu hudhani wausalimisha nafaka na uozo, ndio unaoufungulia ukungu mlango. Kisha ikija mvua wakati wa kuvuna, ukungu ulioingia kwa ukame hunyweshwa na kukua. Ukamba una misimu miwili ya mvua, na ile ya vuli, Oktoba mpaka Disemba, ndiyo inayotegemewa zaidi. Mavuno yake huwa Februari na Machi, na kwa kawaida jua lingekuwapo la kuyakausha. Mwaka 2004 mvua ziliwahi. Mahindi yakavunwa na kuingizwa ndani yangali na maji. Na kila mtu mzima wa huku atakwambia kwamba misimu sasa haishikiki kama ilivyokuwa, jua huchelewa kuondoka na mvua huja bila ya kubisha hodi.

Jawabu la pili ni nafaka yenyewe. Wazee wa Wakamba walikuwa wakila mtama, mawele na wimbi, nafaka zilizozoea nchi kavu. Mahindi ni mgeni. Sisi wa pwani tuliyapata mapema, lakini hata kwetu, katika karne ya kumi na tisa, Malindi ilikuwa ikipakia mtama katika majahazi kupeleka Arabuni. Zama za Waingereza mahindi yalipata soko, yakapata viwanda vya kusaga, yakawa ndiyo chakula cha makuli, cha shule na cha jela, na watoto wakayaona mtama ni chakula cha kimaskini. Hapa Machakos, katika kituo cha Katumani, wataalamu walijitahidi wakatoa mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi ili yaiwahi mvua chache, na kwa hakika mbegu hiyo imeokoa watu wengi na njaa. Simlaumu aliyeifanya kazi hiyo. Nasema tu kwamba mtu akikiacha chakula cha babu yake, humlazimu kujifunza na hifadhi ya kile chakula kipya, na hilo la pili halikufanywa.

La tatu ni ghala, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye siri ya mambo.

Ghala la zamani la Mkamba lilifumwa kwa fito, likainuliwa juu ya magogo, likaezekwa nyasi. Upepo ulipita chini na ubavuni. Ndugu zetu Wagiriama na Waduruma wanao uchaga, dari ya miti juu ya meko, na moshi wa kila siku hukausha mahindi na kufukuza wadudu. Mambo haya hayakuandikwa vitabuni, lakini yalikuwa ni elimu. Kisha watu wakazidi. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos ilikuwa na watu kiasi cha 240,000. Mwaka 1989 walikuwa wamefika 1,400,000. Mashamba yalikatwa vipande, vijana wakahamia nchi za chini zilizo kavu zaidi, wanaume wakaenda Nairobi na Mombasa kutafuta kibarua, na mke akabaki peke yake na watoto. Njaa ikija, ghala lililoko nje ni mwaliko kwa mwizi. Basi mwenye nyumba afanye nini? Huyatia mahindi yake magunia, akayaingiza katika chumba cha kulala chini ya bati, sakafuni, dirisha limefungwa, nayo bado hayajakauka. Mwaka 2004 wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa na jirani zao wazima, wakaona kwamba walioweka mahindi ndani ya nyumba na waliyoyaweka yakiwa mabichi ndio waliopatikana zaidi na maradhi, kuliko wale waliobaki na ghala la nje.

Tazama, ewe msomaji, mambo yalivyoshikana. Mwizi hakutia sumu, na mama hakufanya uzembe. Alikuwa akiilinda riziki ya wanawe kwa njia pekee aliyoiona. Amani ya mtaa ilipoondoka, ukungu ukaingia. Kwa hivyo anayedhani kwamba maradhi ni kazi ya daktari peke yake hajafahamu maradhi yanakotoka.

Wako miongoni mwetu watu wa miji wasemao kwamba haya yawapata watu wa bara kwa sababu ya uchafu wao na ujinga wao. Neno hili ni baya, tena ni la uongo. Wakamba hawa hawa, nchi yao ilipoharibika kwa mmomonyoko miaka ya 1930 hata wageni wakakata tamaa nayo, waliikata milima yao matuta kwa mikono yao, kwa kazi ya pamoja waiitayo mwethya, mpaka nchi iliyokuwa na watu wachache ikiwa jangwa, leo ina watu wengi nayo ina miti. Ni wangapi kati yetu wa pwani tuliokwisha kufanya kazi kama hiyo katika mtaa wetu? Na hewa yetu ya pwani ina unyevu kuliko ya Machakos. Njugu na mbata zetu huota kuvu lile lile. Tuyaangalie yetu kwanza.

Wengine husema ni husuda au ni jini, wakamkimbiza mgonjwa kwa mganga apewe kombe na kuchinjiwa kafara, hali ini lake linakufa na watoto wake waendelea kula katika gunia lile lile lililomwua. Dua ni ibada na hakuna aizuiaye. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta dawa, na dawa ya kwanza hapa ni kuliondoa gunia. Watu wawili wa nyumba moja wakigeuka macho manjano katika juma moja, ulizeni wamekula nini, kisha muwapeleke hospitali pamoja na kibaba cha mahindi yale yale ili yapimwe.

Kuna dhana ya tatu, nayo imeenea zaidi hata kwa wasomi: kwamba moto husafisha. La. Moto huua ukungu lakini hauiondoi sumu uliyokwisha kuitema. Sima ikipikwa hata iungue, sumu imo. Haina harufu wala ladha ya kuitambua. Mahindi meupe yenye kupendeza yaweza kuwa nayo, ingawa yaliyobadilika rangi na kuota kuvu ndiyo yenye kuogopwa zaidi. Kuyachagua na kuyatupa yaliyooza hupunguza. Kuyakoboa pia hupunguza, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa gambani na kwenye kiini. Na Wakamba wana chakula chao kiitwacho muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda, ambacho kwa sababu hiyo kina usalama zaidi kuliko unga uliosagwa na wishwa wake. Lakini ile wishwa nayo huenda wapi? Hupewa kuku na ng'ombe. Na ng'ombe akila sumu, sehemu yake hutoka katika maziwa, nasi tukampa mtoto.

Na wasiokufa wasidhani wamesalimika. Kula kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na aliye na homa ya ini ya aina ya B hatari yake huzidi mara nyingi. Kwa hivyo chanjo ya homa hiyo wapewayo watoto wachanga ni kinga kwa upande huu pia, na mzazi anayeikataa kwa sababu ya uvumi amwondolea mwanawe ngao.

Tuje katika sharia. Ni mashuhuri katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akaona chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta maji. Akamwuliza mwenyewe, naye akajibu kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowana juu watu wakaiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hadithi hii tumeisoma tangu utotoni katika mlango wa udanganyifu, na tukaishia kwenye uongo wa mfanyabiashara. Lakini angalieni kisa chenyewe: ni nafaka, ni mvua, ni maji yaliyofichwa chini ya chungu. Mtu yule hakuitia maji yeye, wala Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuificha. Na tena, Mtume hakutosheka na kutazama juu. Alitia mkono ndani. Wapimaji wa leo wanasema jambo lenye kuafikiana na hayo, kwamba sumu hii haienei sawasawa guniani, bali hukusanyika katika punje chache, na anayechota konzi moja ya juu akasema gunia ni zima hajapima kitu. Lazima achote juu, kati na chini, na katika magunia mengi.

Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye kujua aibu ya bidhaa yake ni wajibu kumwambia mnunuzi, na mnunuzi akiigundua baadaye ana hiari ya kurudisha. Hayo ni katika aibu ya kawaida, kama gunia lililotoboka au mahindi yenye fukusi. Ama kitu chenye kudhuru mwili, kula kwake ni haramu kama ilivyo haramu kula sumu, na kumwuzia mtu akile, hata ukimwambia, hakuhalaliki. Kwa hivyo asijidanganye mwenye duka kwamba akipunguza bei ametoka dhimani. Na ule mtindo wa kuchanganya gunia moja bovu na matano mazuri ili kuvu lisionekane, huo ndio ghushi yenyewe, na madhara yake ni kuwagawia watu sita sumu iliyokuwa ya mmoja.

Mwanafunzi mmoja katika darasa aliuliza swali lenye uzito: mwenye njaa ameruhusiwa hata mzoga, je, mama asiye na chakula kingine ila gunia lililoota ukungu, hana dharura? Jawabu ni kwamba mzoga uliruhusiwa kwa kuwa unaiokoa nafsi. Sumu haiiokoi. Aliye na njaa leo akala kwa kushiba mahindi kama yale ya 1981, amebadilisha kifo cha polepole kwa cha haraka. Lakini ukimwambia mama huyo atupe gunia kisha ukaenda zako, hujatoa fatwa, umemhukumu njaa. Mzigo hapo umehama: umetoka kichwani mwake, umekuwa juu ya jirani zake na juu ya serikali. Kumlisha mwenye njaa ni faradhi ya kifaya. Akilala bila ya chakula mtaani mwetu, wote twaandikiwa dhambi. Mwaka 2004 serikali iliyakusanya mahindi mabovu katika sehemu zilizoshikwa na kuwapa watu mengine badala yake, na hiyo ndiyo njia. Pale ambapo lori la serikali halijafika, mfuko wa msikiti usingoje.

Ama njia za kujikinga si ngumu, ingawa zataka gharama kidogo. Mahindi yasivunwe na kumwagwa juu ya udongo, kwani humo ndimo ukungu ukaamo. Yaanikwe juu ya turubali au jamvi. Yakauke mpaka maji yake yasizidi sehemu 13 katika 100. Asiye na chombo cha kupimia na achukue chupa kavu ya kioo, atie konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, aifunge, aitikise vizuri, kisha aiache kwa muda wa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka. Kipimo hiki chawezekana hata kwa mtoto wa chuo. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Na iko mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ambayo hufaa, kwa sharti mahindi yatiwe yakiwa makavu. Wakulima nao, tangu mwaka 2015, wameruhusiwa Kenya kutumia dawa iitwayo Aflasafe, nayo ni ukungu wa jamii ile ile usio na sumu, humwagwa shambani kabla ya mhindi kutoa nywele ukamnyang'anya nafasi ndugu yake mbaya. Nabii Yusuf (A.S.) alipomfasiria mfalme wa Misri ndoto yake, alishauri nafaka ya akiba iachwe katika masuke yake. Nayo ilikuwa ni elimu ya ghala, iliyotoka kinywani mwa Mtume.

Limebaki jambo la fitra, ambalo kila Ramadhani huulizwa. Wengi wetu hutoa pishi ya mahindi au unga kwa kuwa ndicho chakula cha mji. Wanavyuoni wetu wamesharutisha nafaka iwe salama, isiyo na fukusi wala aibu. Kwa hivyo mahindi yaliyoota ukungu hayatoshelezi fitra, na aliyeyatoa akijua, bado anadaiwa. Wanaonunua magunia kwa jumla kwa ajili ya kuwagawia maskini, na hasa wale wanaoyapeleka mashambani, wayafungue na kuyachunguza kabla ya siku ya Idi, watie mkono mpaka chini. Na mwenye duka ambaye amekwisha kuuza kisha akapata habari kwamba mzigo wake ulikuwa na sumu, imempasa kuwatafuta walionunua mmoja mmoja awajulishe, na awarudishie pesa zao hata kama walikwisha kula nusu ya gunia.